Hofu ya Kupimwa Damu

Mji wa Tukuyu umejengwa juu ya vilima, kusini ya Mbeya, katika njia kuu itokayo Uyole kwenda Kyela na mpaka wa Malawi. Mlima Rungwe wausimamia upande wa kaskazini, na mvua yake ni nyingi, hata migomba na mashamba ya chai hayakosi ubichi mwaka mzima. Hapa ndipo penye makao ya wilaya ya Rungwe, na hapa pana hospitali ya wilaya, iitwayo Makandana. Watu wa vijijini huijia kwa magonjwa ya kila namna. Mwenye homa hupimwa malaria, na akiambiwa anayo, hupewa dawa zake, wala haoni haya kuwaambia majirani neno aliloambiwa na mganga. Mwenye jino bovu husimulia habari za jino lake njia nzima. Lakini kiko kipimo kimoja ambacho watu wengi hukipita kwa mbali, ingawa katika hospitali za Serikali hakina malipo, na kazi yake haizidi saa moja. Nacho ni kipimo cha virusi vya UKIMWI.

Jambo hili lastahili kufikiriwa. Mwanamume awezaye kupanda kilima na mkungu wa ndizi begani, na mwanamke aliyezaa watoto sita bila kupiga kelele, waogopa nini katika tone moja la damu? Wako wasemao kwamba watu hao ni wajinga. Neno hilo si la kweli, wala halisaidii. Kila hofu ina mizizi yake, na atakaye kung'oa kisiki hana budi kuchimba mpaka aione mizizi hiyo.

Yafaa kwanza kujua maradhi yenyewe. UKIMWI maana yake ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Katika damu ya kila mtu zimo chembe nyeupe, nazo ni kama askari walindao mji. Virusi vya UKIMWI ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, na vikiingia mwilini huwashambulia askari hao hao. Mji ukiisha kukosa walinzi, kila mwizi huingia apendavyo: kifua kikuu, homa ya mapafu, kuhara, na maradhi mengineyo. Hila ya virusi hivi ni kwamba havina haraka. Mtu mzima asiyetumia dawa aweza kukaa miaka 8 au 10 akilima, akicheka na kucheza ngoma, bila dalili yo yote, na muda huo wote aweza kumwambukiza mwingine. Virusi huenea kwa kujamiiana, na kwa damu, na kutoka kwa mama kumfikia mtoto wakati wa mimba, au wa kuzaa, au wa kunyonyesha. Havienei kwa kupeana mkono, wala kwa kula sahani moja, wala kwa kuketi dawati moja shuleni, wala kwa kuumwa na mbu.

Katika Tanzania wagonjwa wa kwanza walitambuliwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria. Ilipofika mwaka 1986 hapakuwa tena na mkoa wa bara usio na mgonjwa. Nchi za juu za kusini zimepatwa kuliko sehemu nyingi. Uchunguzi uliofanywa na Serikali katika miaka ya 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika nchi nzima watu wazima kama 4 katika kila 100 wana virusi. Lakini katika mkoa wa Mbeya, ambao Rungwe ni wilaya yake mojawapo, ni zaidi ya 9 katika kila 100. Basi habari hii si habari ya watu wa mbali.

Kupimwa kwenyewe ni kazi ndogo. Mtu hupokewa na mshauri mahali pa faragha, naye humweleza maana ya kipimo na kumwuliza kama aridhia. Akiridhia, huchomwa kidole kwa kisindano, na tone la damu hutiwa juu ya kipande kidogo chenye dawa. Baada ya dakika 15 au 20 hivi alama hutokea. Ikiwa alama yaonyesha kwamba virusi vimo, damu hupimwa tena kwa kipimo cha namna nyingine, ili pasiwe na kosa. Na mtu ambaye yamkini aliambukizwa siku chache tu zilizopita huambiwa arudi baadaye, maana mwili huhitaji majuma kadhaa, hata miezi 3, kabla ya kipimo kuweza kutambua. Majibu huambiwa mwenyewe peke yake. Kipimo hakitii kitu katika damu, wala hakigeuzi kitu. Mtu hutoka chumbani na damu ile ile aliyoingia nayo. Kilichoongezeka ni kujua tu.

Kama ni hivyo, mbona watu huogopa? Sababu ya kwanza ni kumbukumbu. Katika miaka ya 1980 na 1990 hapakuwa na dawa iliyowafikia watu wa kawaida. Dawa zenye nguvu ya kuyazuia maradhi haya, zitumiwazo kwa pamoja, zilianza kutumika Ulaya na Marekani mwaka 1996, lakini bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mkulima wa Afrika. Mtu wa Rungwe aliyepimwa siku zile na kukutwa na virusi alirudi nyumbani na habari ya kifo tu, bila ya jambo la kufanya. Wengi walisema, "Yanifaa nini kuijua siku ya kufa kwangu?" na maneno hayo hayakuwa ya kipumbavu. Wako wazee ambao siku zile walizika watoto wao na kuachiwa wajukuu wawalee. Hofu waliyoiona waliwarithisha walio nyuma yao.

Lakini mambo yamebadilika. Mwaka 2004 Serikali ya Tanzania ilianza kutoa bila malipo dawa za kufubaza virusi, na tangu mwaka 2016 imekuwa kanuni kwamba kila akutwaye na virusi aanzishiwe dawa, pasipo kungoja augue. Kwa watu wazima wengi dawa hiyo ni kidonge kimoja kwa siku. Haviondoi virusi vyote, kwa hiyo hapana budi kumeza maisha yote. Bali huvifunga visizaane, na askari wa mwili huongezeka tena. Aanzaye mapema na kushika dawa vizuri aweza kuishi miaka mingi kama wenziwe. Tena virusi vikipungua sana, hata visionekane katika kipimo kinachovihesabu, na mtu akaendelea na dawa zake, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Basi hofu ya zamani ilikuwa na haki yake; lakini aishikaye leo ni kama mtu akwepaye daraja jipya na kuvuka mtoni kwa miguu, kwa sababu babu yake aliona daraja la kale likivunjika.

Sababu ya pili ni kujiona mzima. Mtu husema, "Nina nguvu, nala vizuri, nalala vizuri, nikapimwe nini?" Ni mazoea ya watu wengi kwenda hospitali pale tu wanapoumwa, na mazoea hayo hufaa kwa jino na kwa jeraha. Kwa virusi hivi hayafai, maana miaka ile isiyo na dalili ndiyo miaka ambayo dawa hufanya kazi yake vizuri kuliko yote. Anayengoja kuugua ni kama anayengoja paa lianguke ndipo atazame mchwa katika nguzo.

Sababu ya tatu imo katika ndoa. Mwanamke mjamzito aendapo kliniki hushauriwa kupimwa, na mumewe huitwa aende pamoja naye. Wanaume wengi hawaendi. Husema kwamba kliniki ni mahali pa wanawake, au kwamba majibu ya mke yawatosha wote wawili. Hilo ni kosa kubwa. Katika ndoa yawezekana mmoja awe na virusi na mwenziwe asiwe navyo, hata kwa miaka mingi. Basi damu ya mke haiwezi kuisemea damu ya mume. Mke naye ana hofu yake. Kwa kuwa yeye ndiye aliyepimwa kwanza, yamkini ataambiwa kwamba ndiye aliyeyaleta maradhi nyumbani, akapigwa au akarudishwa kwao. Lakini aliyeona moshi kwanza siye aliyewasha moto. Na katikati ya hofu za wawili hawa yuko wa tatu, asiyeweza kusema neno, naye ni mtoto. Pasipo dawa, watoto 15 hata 45 katika kila 100 wazaliwao na mama wenye virusi huambukizwa. Mama akijulikana mapema na kupewa dawa, hesabu hiyo yaweza kushuka chini ya 5. Tofauti ya hesabu hizi mbili ni uhai wa watoto, nayo huanzia katika tone la damu ya mama.

Sababu ya nne ndiyo kubwa, nayo ni haya. Mji mdogo una macho mengi. Anayeketi mbele ya mlango fulani wa hospitali huonekana na shemeji yake, na mwalimu wa mtoto wake, na mama auzaye ndizi sokoni. Kwa hiyo wako watu waipitao hospitali iliyo karibu nao na kupanda gari kwenda mahali wasipojulikana, huku wakitumia nauli ambayo ingewanunulia watoto daftari. Watu hawa hawaogopi sindano, wala pengine hawaogopi hata maradhi. Waogopa swali litakaloulizwa nyuma yao: "Amefanya nini, hata akapatwa?"

Swali hilo ni la kale katika nchi ya Wanyakyusa. Kati ya miaka ya 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa desturi za watu, walikaa katika nchi hiyo wakichunguza maisha ya vijijini, na Monica akaandika vitabu juu ya mambo waliyoyaona. Waliona kwamba wazee waliamini nguvu iliyoitwa pumzi ya watu. Mtu aliyevunja desturi, akawakasirisha majirani zake, alisemekana kupatwa na baridi ya hasira yao, akaugua. Basi mtu akiugua, jamaa zake waliuliza kwanza ni kosa gani lililotendeka, na ni nani aliyekasirika. Kisha wakatafuta njia ya kupatanisha. Imani hiyo ilikuwa na faida yake, kwa kuwa iliwafundisha watu kutowadhulumu majirani. Lakini ilifanya pia kila ugonjwa uwe kama hukumu, na kila mgonjwa awe kama mshitakiwa. Hivi leo hata watu wasioiamini tena imani hiyo huuliza lile swali lake. Wala si Unyakyusa peke yake. Katika nchi nyingi za dunia, hata Ulaya na Marekani, wagonjwa wa UKIMWI waliulizwa swali hilo hilo, wakakimbiwa na jamaa zao.

Kumbe virusi haviulizi mwenendo wa mtu. Mke mwaminifu aweza kuambukizwa na mumewe, na mume mwaminifu na mkewe. Na mtoto mchanga amefanya kosa gani? Kipimo huonyesha kilichomo katika damu. Hakionyeshi kilichomo moyoni.

Madhara ya swali lile yaweza kuonyeshwa kwa mfano. Wako majirani wawili, wote wachuma chai. Wa kwanza alikwenda kupimwa, akakutwa na virusi, akaanza dawa. Mtu mmoja alimwona akitoka na kifurushi, akaipeleka habari kilabuni. Jioni ile watu walicheka wakinywa pombe, na tangu siku ile mandazi ya mkewe hayakununuliwa sokoni. Jirani wa pili alikuwapo pale kilabuni. Hakucheka, wala hakusema neno. Lakini naye alikuwa amekohoa mwezi mzima, na alikuwa amekusudia kwenda hospitali siku ya Jumatatu. Jumatatu ilipofika hakwenda. Mwaka wa pili alichukuliwa kwa machela, kifua kikuu kimekwisha kumdhoofisha, na dawa hazikuwahi kumsaidia. Wa kwanza yu hai, na chai anachuma hata leo. Je, wa pili aliuawa na nini? Aliuawa na maradhi, ndiyo; lakini maradhi yalikuwa na wasaidizi, nao waliketi kilabuni wakicheka, wala hawakujua kwamba mmoja wao alikuwa akisikiliza.

Wako watu waliojaribu kuivunja haya hii hadharani. Katika nchi ya Uganda mwimbaji mashuhuri, Philly Lutaaya, alitangaza mwaka 1989 kwamba ana UKIMWI. Siku zile watu wenye jina walificha jambo kama hilo hata kaburini. Yeye alitumia miezi yake ya mwisho akizunguka mashuleni na makanisani ili watu wamwone, na kusikia kwamba ugonjwa huu una uso wa mtu; akafa mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Na katika Tanzania, tarehe 14 Julai 2007, Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipimwa mbele ya watu mjini Dar es Salaam, kuwa mwanzo wa mwito kwa taifa zima kupimwa kwa hiari. Watu wengi waliofuata mwito huo walisema moyoni, "Ikiwa Rais ameketi katika kiti kile, mimi nani nione haya?"

Sheria nayo imeweka ukuta wa kumlinda apimwaye. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 yakataza mtu kulazimishwa kupimwa, isipokuwa katika mambo machache kama amri ya mahakama, na yamkataza mfanya kazi wa hospitali kutangaza majibu ya mtu. Mwaka 2019 sheria hiyo ilibadilishwa, hata kijana wa miaka 15 akaruhusiwa kukubali kupimwa kwa neno lake mwenyewe, na watu wakaruhusiwa kujipima kwa vifaa maalum. Apimaye mwenyewe na kuona alama ya virusi yampasa kwenda kwa mganga ahakikishiwe.

Jitihada hizo hazikuwa bure. Uchunguzi wa miaka ya 2016 na 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wenye virusi katika Tanzania, kama 60 tu ndio waliojua hali yao. Katika uchunguzi wa 2022 na 2023 waliojua walikuwa wamezidi 80. Waliobaki si wachache, na kila mmoja wao ana mahali anapoishi, na watu wanaomtegemea. Hao ndio ambao haya na hofu zimewashika zaidi.

Sheria yaweza kuufunga mdomo wa mfanya kazi wa hospitali. Haiwezi kuifunga midomo ya soko zima. Kazi hiyo ni ya majirani wenyewe, na ya wanafunzi pia. Mtoto wa shule hawezi kumwamuru baba yake kwenda kupimwa, wala si adabu. Lakini akimwona mtu mlangoni pa hospitali aweza kumwamkia na kupita, asipeleke habari nyumbani. Aweza kuketi na mwenziwe anayemeza dawa, wakala pamoja viazi vya kuchoma, na wengine wakiwaona watajua kwamba hapana hatari. Akisikia dhihaka aweza kukataa kucheka. Mambo haya ni madogo, wala hayahitaji fedha. Lakini hayo ndiyo yatakayomwezesha mtu mwingine, asiyejulikana, kwenda siku ya Jumatatu.

Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humwumbua." Neno hilo huambiwa mgonjwa kila siku, nalo ni kweli. Lakini kabla ya kumwambia mgonjwa neno hilo, yafaa majirani wajiulize ni nani aliyemfundisha kuficha.